Kaka wa Muscat ananipa iPhone yake: je, niiache Android?

Assalaam alaykum, ndugu mshauri.

Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, na kazi yangu kubwa ni madera, magauni ya harusi na sare za shughuli. Wateja wangu wengi siwaoni kwa macho. Wako Muheza, Korogwe, Pangani na wengine Pemba. Hunitumia kwa WhatsApp picha ya mshono wanaoutaka pamoja na vipimo vyao, hulipa kwa M-Pesa au kwa Mixx (zamani Tigo Pesa), nami nikimaliza hupeleka mzigo stendi ya Kange ukapanda basi, na wa Pemba hupanda boti. Kwa hiyo simu kwangu si pambo. Siku simu ikilala, na cherehani imelala.

Simu niliyo nayo ni ya Android, niliinunua mwaka 2021. RAM yake ni GB 2 na hifadhi ya ndani ni GB 32, nikaiongezea memori kadi. Miaka miwili ya mwanzo ilinitendea wema. Siku hizi nikifungua kamera huku WhatsApp iko wazi inaganda, mteja upande wa pili anasubiri picha ya kitambaa hadi anachoka. Kila wiki inaniambia nafasi imejaa, nafuta picha za kazi zangu mwenyewe ili nipate pa kuweka picha nyingine. Chaji nayo haivuki adhuhuri.

Kaka yangu anafanya kazi Muscat. Mwezi uliopita alinipa hiari: yeye ananunua simu mpya, kwa hiyo ama atanipa iPhone 12 yake ya GB 64, aliyoitumia tangu mwaka 2021, ama atanitumia fedha za thamani hiyohiyo nijichagulie simu madukani hapa Tanga. Anasubiri neno langu.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mwanangu wa kidato cha tatu anasema Android zote mwisho wake ni kuwa nzito kama hii yangu, na kwamba iPhone ndiyo simu. Baba yake anasema iPhone ikivunjika kioo hapa Tanga nitauza cherehani ili kuitengeneza. Fundi simu wa Barabara ya 12 naye amenitisha kwamba iPhone nyingi za mkononi zimefungwa iCloud, na hilo nimeliona mwenyewe, kwani jirani yangu alinunua moja katika duka fulani, siku ya tatu ikamdai nenosiri la mtu asiyemjua, na muuzaji akamruka.

Liko na jambo la pili, nakuomba usilione dogo. Mama yangu alifariki mwaka juzi, huko Pangani. Hakujua kuandika, kila jambo alinitumia kwa sauti. Ndani ya WhatsApp yangu zimo sauti zake za miaka minne, na iko moja ya sekunde 23 ambayo mara nyingi huisikiliza usiku nikiwa peke yangu na kazi: "Mwanangu, inuka kwanza kwenye hiyo cherehani, ule, ndipo urudi." Nimeambiwa kwamba ukitoka Android kwenda iPhone, mazungumzo yote ya WhatsApp hupotea. Kama ni kweli, basi nitabaki na simu hii hadi izime yenyewe.

Niambie bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: nichukue ipi?

Fundi wa madera, Ngamiani

*

Waalaykum salaam, dada yangu. Pole sana kwa kuondokewa na mama. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nitaanza na sauti zake kabla ya kuigusa simu yenyewe, kwa sababu katika yote uliyoyaandika hilo ndilo pekee ambalo likipotea halinunuliki, na kwa sababu uliloambiwa lina nusu ya ukweli.

Nusu hiyo ni hii. WhatsApp iliyo kwenye Android huweka nakala yake ya akiba katika akaunti ya Google, na ile iliyo kwenye iPhone huiweka iCloud, ambayo ni ghala la Apple. Nakala ya huku haifunguki kule, wala ya kule haifunguki huku. Mtu aliyezoea kuhama kutoka Android moja hadi nyingine, akaingiza namba yake na kuona mazungumzo yote yanashuka yenyewe, akifanya vivyo hivyo kwenye iPhone hukuta chumba kitupu. Hadi katikati ya mwaka 2022 hapakuwa na njia rasmi ya kuvuka kutoka Android kwenda iPhone. Mwaka huo njia ilifunguliwa, kwa kutumia programu ya Apple iitwayo Move to iOS, nayo huhamisha mazungumzo, picha na sauti pia. Masharti yake hayana mzaha: namba ya simu iwe ileile, simu zote mbili ziwe kwenye umeme na kwenye Wi-Fi moja, na iPhone iwe mpya au iwe imefutwa yote na kurudishwa hali ya kiwandani. Sharti hili la mwisho ndilo linalowaponza wengi. Kijana huipokea simu kwa furaha, huiwasha, hupakua hiki na kile, na siku ya tatu ndipo mama mtu anapouliza mazungumzo yake yako wapi. Hapo hakuna budi simu ifutwe na kuanzwa upya. Na kama unatumia ile WhatsApp ya kuchezewa inayoitwa GB, ambayo naiona katika simu nyingi hapa mjini, ujue kwamba njia hii ni ya WhatsApp halisi peke yake.

Lakini sitaki sauti za mama yako zitegemee njia yoyote ya kuhama, iwe hii au nyingine, kwa kuwa simu inaweza kuibiwa au kudondoka majini kabla hata hujamjibu kaka yako. Kaa leo usiku, fungua mazungumzo yake, bonyeza ile sauti ya sekunde 23 na uishikilie hadi alama ya kushiriki itokee, kisha ijitumie kwa barua pepe yako mwenyewe, na umtumie kaka yako pia, maana ni mama yake vilevile. Sauti ya urefu huo ni nyepesi kuliko picha moja ya gauni, haitakula bando. Fanya hivyo kwa zile unazozipenda zaidi, moja baada ya nyingine, na kila moja ipe jina unaloweza kulitambua baadaye. Kwa zilizobaki, mwombe mwanao aingie kwenye mafaili ya simu, afuate Android, kisha media, kisha com.whatsapp, WhatsApp, Media, hadi afike kwenye folda ya WhatsApp Voice Notes. Humo atakuta folda ndogondogo zenye majina ya tarakimu, mwaka na wiki, bila jina la mtu yeyote. Asichague wala asipange. Anakili folda nzima kama ilivyo kwenye memori kadi, kisha kwenye kompyuta ya mtu mnayemwamini, maana memori kadi nazo hufa bila kuaga.

Sasa simu.

Mwanao na baba yake wanabishana kuhusu Android na iPhone, lakini nilivyoisoma barua yako, hakuna kati yao aliyelinganisha mifumo miwili. Wanalinganisha simu ya bei ya chini ya mwaka 2021 na simu ambayo ilipotoka, Oktoba 2020, iliuzwa kwa karibu dola 800 za Marekani. RAM ni kama meza yako ya kukatia, na hifadhi ni kama kabati lako la vitambaa. Meza ya GB 2 haitoshi kutandaza WhatsApp yenye mazungumzo ya miaka kadhaa, kamera, na mfumo wenyewe kwa pamoja. Ukifungua kimoja lazima kingine kikunjwe, na huko kukunja na kukunjua ndiko kuganda unakokuona. Kabati nalo limejaa, na simu yoyote ambayo hifadhi yake imejaa huwa nzito, iwe imetengenezwa na nani. Kwa hiyo mwanao asiihukumu Android yote kwa simu hiyo moja, kama ambavyo wewe usingependa mteja aihukumu kazi yako kwa dera la kitambaa hafifu alilokuletea yeye mwenyewe.

Tofauti ya mifumo yenyewe ipo, nayo ni ya maana, ila iko mahali pengine. iPhone, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, imekuwa ya kampuni moja tangu siku ya kwanza: Apple huunda simu na mfumo endeshi wake, iOS, na haumpi mtengenezaji mwingine. Android ilinunuliwa na Google mwaka 2005, simu ya kwanza yenye mfumo huo ikatoka mwaka 2008, na kuanzia hapo kila mtengenezaji aliruhusiwa kuutumia na kuuvika vazi lake: Samsung huuvika One UI, Tecno huuvika HiOS, Infinix huuvika XOS. Ni kama jora moja la kitambaa kuwagawia mafundi kumi. Kila mmoja atatoka na mshono wake, na bei zitatofautiana kuanzia ya chini kabisa hadi ya juu kabisa. Ndiyo maana Android imewafikia watu wa kila kipato, kuanzia mvuvi hadi mkurugenzi, na ndiyo maana vilevile huwezi kusema "Android ni nzuri" au "Android ni mbaya" kabla hujasema simu ipi.

Jambo hilohilo ndilo linaloamua masasisho, na hapa Apple imetangulia kwa muda mrefu. Kasoro ya usalama ikigunduliwa kwenye iOS, Apple huirekebisha na kuipeleka kwa simu zake zote ambazo bado inazihudumia kwa siku moja. Kwenye Android, Google hurekebisha, kisha marekebisho hupitia kwa mtengenezaji wa chipu, kisha kwa mtengenezaji wa simu, ambaye lazima ayaoanishe na vazi lake ndipo yakufikie. Na kwa simu za bei ya chini mara nyingi safari hiyo hukatika baada ya muda mfupi. iPhone 12 ya kaka yako ilitoka na iOS 14, na bado ilipokea iOS 26 iliyotolewa Septemba 2025. Simu yako ya mwaka 2021 nadhani haijapata sasisho la maana kwa muda mrefu. Hata hivyo hali inabadilika: Google ilianza kuahidi masasisho ya miaka saba kwa Pixel 8 mwaka 2023, Samsung ikafuata kwa Galaxy S24 mwaka 2024, na mwaka huohuo Samsung ikaahidi miaka sita kwa Galaxy A16, ambayo ni simu ya kawaida, si ya matajiri. Hili ulishike, nitalirudia mbele.

Kwa nini nalisisitiza? Kwa sababu simu ya biashara kama yako haifi siku inapovunjika tu, hufa siku WhatsApp inapoikataa. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp ilitaka Android 5.0 na kuendelea, na tangu Mei 2025 ilitaka iOS 15.1 na kuendelea, na siku hiyo wenye iPhone 6 waliachwa nje ingawa simu zao zilikuwa bado zinawaka. Mwisho wa mwaka 2019 wenye simu za Windows walikuwa wamekumbwa na jambo hilohilo. Kwa hiyo mwanao yuko sahihi kwamba mifumo huzeeka, ila amekosea kudhani kwamba mmoja tu ndio unaozeeka.

Baada ya kusema hayo yote, ushauri wangu ni kwamba uchukue fedha na ununue Android nzuri zaidi. Nitakueleza sababu, na ya kwanza ndiyo nzito kuliko nyingine zote.

Una laini mbili, moja ya M-Pesa na nyingine ya Mixx, na zote mbili zinakuletea riziki. iPhone 12 ina nafasi ya laini moja tu ya kadi. Laini ya pili lazima iwe eSIM, yaani laini isiyo na kadi inayowekwa ndani ya simu na kampuni ya mtandao. Si jambo lisilowezekana, lakini itakubidi uende ofisini kwao na kitambulisho chako cha NIDA, uulize kama wanaiweka kwenye simu ya aina hiyo, na siku simu ikizima ghafla hutaweza kuchomoa laini hiyo na kuichomeka kwenye kiswaswadu cha jirani ili upokee malipo ya mteja ambaye mzigo wake umekwisha kufika Kange. Wewe unaifahamu siku kama hiyo kuliko mimi. Simu nyingi za Android zinazouzwa hapa kwetu huchukua laini mbili za kadi, na nyingine huongeza nafasi ya memori kadi pembeni. Kaka yako naye akibadili mawazo na kutaka kukupa iPhone mpya kabisa badala ya ile ya zamani, mwambie aangalie kwanza kama ina tundu la laini, kwa kuwa iPhone zinazouzwa Marekani tangu iPhone 14 hazina tundu hilo hata moja, na iPhone 17 zinazouzwa Oman ziko hivyohivyo.

Kuhusu kutuma na kupokea fedha kwenyewe usiwe na wasiwasi kwa upande wowote. *150*00# ya M-Pesa inafanya kazi kwenye iPhone kama inavyofanya kwenye kiswaswadu, maana menyu hiyo inatoka kwenye mtandao wa simu, haiulizi mfumo endeshi.

Sababu ya pili ni nafasi. iPhone yoyote, ya zamani au mpya, haina mahali pa memori kadi. Katika GB 64 za kaka yako mfumo wenyewe utachukua sehemu yake, WhatsApp yako ya miaka yote itachukua nyingine, na wewe unapiga picha za kazi kila siku. Apple hutoa GB 5 za bure iCloud, Google hutoa GB 15. Zikijaa, utaanza kulipia kila mwezi. Utakuwa umehama kutoka kwenye tangazo moja la "nafasi imejaa" kwenda kwenye jingine, ila hili la pili huwezi kulitatua kwa kununua kadi Barabara ya 12.

Betri na kioo ndiko baba watoto anakokuogopea, na ana haki, ijapokuwa amezidisha. Apple yenyewe husema betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko 500 kamili, na simu iliyotumika tangu 2021 bila shaka imekwisha kuvuka hapo. Kwa hiyo betri ya kubadilisha ni gharama ya kuihesabu tangu mwanzo. Mafundi wetu wanaweza kuibadilisha, na kioo pia, nami nawajua vijana hapa Tanga wenye mikono safi kabisa katika kazi hiyo. Lakini kwenye iPhone 12 kipuri kisichotambuliwa na Apple huandikwa ndani ya mipangilio kuwa hakijulikani, na hakuna duka la Apple lenyewe popote Afrika la kukimbilia. Zaidi ya hayo, waya wake wa chaja ni wa tundu la Lightning, hauingiliani na waya mwingine wowote wa chaja nyumbani kwako. Apple ilihamia USB-C kuanzia iPhone 15 tu.

Sitaki udhani naidharau simu ya kaka yako. Kwa video, iPhone 12 inaishinda simu nyingi za bei ya kati hata leo, na kama kazi yako ingekuwa kurekodi maharusi badala ya kuwashonea, jibu langu lingegeuka. Bei yake ya kuuza tena hushuka polepole. Na liko jambo moja la ulinzi ambalo iPhone inanifurahisha: haikubali kirahisi programu iliyotoka nje ya duka lake. Kwenye Android mtu anaweza kukutumia faili la programu kwa WhatsApp, ukalibonyeza, ukaruhusu, likaingia. Ndivyo zilivyoingia majumbani mwetu baadhi ya programu za mikopo ya haraka ambazo huomba ruhusa ya kusoma namba zote za simu yako, na ukichelewa kulipa huwatumia ndugu na wateja wako ujumbe wa kukuaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Ukibaki Android, basi pakua programu kutoka Play Store peke yake, na hata huko, programu ya mkopo au ya tochi ikikuomba namba za watu wako, ikatalie. Wateja wako wamekukabidhi vipimo vya miili yao. Usiviache mlango wazi.

Kuhusu rangi, ambazo naamini wateja hukulalamikia ingawa hukuandika: simu ghali haitaponya hilo. WhatsApp huzibana picha unapozituma, za iPhone na za Android sawasawa. Peleka kitambaa mlangoni asubuhi, mahali penye kivuli chenye mwanga, zima taa ya ndani, futa lenzi kwa kipande cha pamba, na unapotuma chagua ubora wa HD. Zambarau itabaki zambarau.

Ukienda dukani na fedha za kaka, usimwache muuzaji akuongoze kwa idadi ya kamera. Uliza RAM isiyopungua GB 6, na ujihadhari na ile RAM ya kuongezwa wanayoiandika kwa alama ya kujumlisha, kwa kuwa hiyo hukopwa kutoka kwenye hifadhi na haina mbio za RAM ya kweli. Hifadhi iwe GB 128 au zaidi. Laini mbili za kadi. Kisha uliza, kwa mtindo huo huo wa simu na si kwa kampuni kwa ujumla, mtengenezaji ameahidi masasisho ya usalama hadi mwaka gani; muuzaji akibabaika, mwanao atalitafuta jibu kwenye tovuti ya mtengenezaji mkiwa palepale. Simu ikiahidiwa miaka sita, ununue hiyo hata kama kamera yake ni moja pungufu. Kabla ya kutoa fedha, bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI itakayotokea, itume kwa ujumbe kwenda 15090 ambayo ni huduma ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ya kuhakiki simu, na usubiri jibu likutajie aina ya simu unayoishika. Tangu Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchini, hakuna sababu ya mtu kununua simu kwa kuamini boksi. Ishike pia mkononi na uangalie kama menyu unazisoma mwenyewe. Android inaweza kuwekwa kwa Kiswahili, na fundi mwenye haraka anastahili simu inayosema naye lugha yake.

Kuhamia Android mpya kutakuwa rahisi. Tangu mwaka 2023 WhatsApp ina njia ya kuhamisha mazungumzo kati ya simu mbili za mfumo mmoja kwa kuskani alama ya QR, simu zikiwa karibu na Wi-Fi zimewashwa, bila kupakia chochote mtandaoni. Simu ya zamani usiifute wala usimpe mtu kwa mwezi mzima.

Na ikiwa moyo wako bado unaitaka ile iPhone, maana zawadi ya kaka ina uzito wake, basi sharti langu ni moja: kabla haijaondoka Muscat, kaka yako mwenyewe aingie kwenye mipangilio, azime huduma ya kuitafuta simu, atoke kwenye akaunti yake ya Apple, kisha aifute yote hadi ibaki skrini ya makaribisho. Kufuli lililomnasa jirani yako liliwekwa na Apple tangu iOS 7 ya mwaka 2013 ili simu iliyoibwa isimfae mwizi, na hakuna fundi halali wa kulifungua isipokuwa mwenye akaunti. Kwako wewe mwenye akaunti ni ndugu yako wa damu; ni jambo la dakika kumi akiwa na simu mkononi, na ni usumbufu mrefu akilisahau.

Usimjibu leo. Kwanza zima intaneti, itoe ile memori kadi, ichomeke kwenye simu ya baba watoto, na uitafute ile sauti ya sekunde 23. Ukimsikia mama kutoka humo, na kaka akathibitisha kwamba ya kwake imefika, ndipo umpigie umwambie akutumie fedha.